Mchanga wa tanki la samaki wa baharini: usiukoroge kabla hujasoma hapa

Leo siasa na Simba na Yanga tuziweke pembeni. Kuna dogo mmoja wa hapa Daudi amepata kibarua kwenye hoteli ya watalii, na kazi mojawapo aliyopewa ni kutunza tanki la kioo la samaki wa baharini lililoko mapokezi. Kanipigia simu: "Kaka, huu mchanga wa chini nausafishaje?" Nikaanza kumweleza, vocha ikakata. Nikaona isiwe taabu, nayaandika hapa yote, aingie kafe asome, na wengine mnaofanya kazi kama hiyo mfaidike.

Kwanza niseme kwa nini kaniuliza mimi. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi ileile, sehemu nyingine (jina nalihifadhi). Tanki lilikuwa na mchanga mnene, mweupe juu, chini umeingia weusi. Bosi akasema hataki kuona weusi, wageni wanapiga picha. Basi mimi kijana mtiifu nikachukua mwiko wa mbao, nikaugeuza mchanga wote kuanzia chini kama mtu anayesonga ugali. Maji yakawa kama chai ya maziwa. Ikatoka harufu ya yai viza mpaka jikoni wakauliza kulikoni. Kesho yake asubuhi samaki tisa walikuwa wanaelea. Nikakatwa mshahara, na mwisho wa mwezi nikaambiwa asante. Nilichokuja kujifunza baadaye, kwa kusoma na kuulizia mafundi wa Dar, ndicho hiki.

MCHANGA SI PAMBO

Watu wengi wanadhani mchanga unawekwa ili tanki lipendeze. Ukweli ni kwamba kwenye maji ya chumvi mchanga unafanya kazi, na kazi yenyewe wanaifanya viumbe usiowaona kwa macho.

Ni hivi. Samaki anakula, anakunya, na chakula kingine kinadondoka chini kinaoza. Hapo inazaliwa amonia, na amonia ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo sana. Juu ya kila punje ya mchanga na kila jiwe kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitraiti (bado ni sumu), halafu bakteria wengine wanaigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki wanaivumilia ikiwa haijazidi. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni, kwa hiyo wanakaa pale ambapo maji yanapita, yaani juu juu.

Ukishuka chini kwenye mchanga mnene, oksijeni inakwisha. Huko kuna kundi jingine la bakteria ambao hupumua kwa kutumia nitreti badala ya oksijeni, na wanaibadilisha kuwa gesi ya naitrojeni inayopanda juu na kutoka. Vibofu vidogo unavyoviona kwenye kioo, katikati ya mchanga, mara nyingi ni hiyo. Ukiviona usiogope, kazi inaendelea.

Tatizo liko chini zaidi. Pale ambapo hata nitreti imekwisha na uchafu umejaa, wanaingia bakteria wanaotumia salfeti, na maji ya bahari yana salfeti nyingi. Hao wanatoa hidrojeni salfaidi. Ndiyo ile harufu ya yai viza. Ikikutana na chuma kilichomo mchangani inafanya ule weusi. Ikiwa imetulia chini haina neno, kwa sababu ikipanda polepole inakutana na oksijeni njiani na kumalizwa. Ukiikoroga yote kwa mkupuo mmoja, inaingia kwenye maji wanayopumua samaki, na oksijeni yenyewe inakwisha kwa kupambana nayo. Wanakufa kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Sisi wafugaji tuna mfano wa karibu. Zizi la ng'ombe la miaka mingi juu limekauka, unatembea bila shida. Chimba futi mbili uone unachokutana nacho. Na aliyewahi kukanyaga matope ya mikoko kule Chwaka au Tanga anaijua harufu hii, ni kitu kilekile.

KWANZA UJUE NI MCHANGA GANI

Mchanga unaofaa ni ule unaotokana na viumbe vya bahari, yaani kalsiamu kaboneti. Mchanga mweupe wa pwani ya mashariki ya Unguja ni wa namna hiyo. Si mawe yaliyosagika ya milimani. Ni vipande vya matumbawe, magamba ya konokono, na mwani wa kijani uitwao Halimeda unaojijengea chokaa ndani ya mwili wake. Mwani huo ukifa unavunjika na kuwa mchanga, na ghuba ya Chwaka ina mwingi. Halafu kuna samaki pono. Yule anaguguna matumbawe na miamba kwa meno yake magumu, anameza, na anachokunya ni mchanga safi. Sitanii. Fukwe nyingi nyeupe mnazoziona kwenye picha zimepita tumboni mwa pono.

Mchanga wa mtoni huku kwetu ni wa silika na mawe mengine ya milimani. Hauui samaki wenyewe, lakini hausaidii kitu kwenye kuyaweka sawa maji, na unaweza kuja na udongo na madini usiyoyajua. Hata fukwe za bara zilizo karibu na midomo ya mito, mfano Bagamoyo ambako Ruvu inamwaga, mchanga wake umechanganyika sana na wa mtoni.

Kipimo chake ni rahisi. Osha mchanga kidogo kwa maji mengi, uache ukauke, dondoshea siki. Ukitoa povu kuna kalsiamu kaboneti. Kimya, basi ni silika. Nasisitiza kuuosha kwanza kwa sababu magadi nayo yanatoa povu kwenye siki, ila magadi yanayeyuka na kuondoka na maji.

Na hapa niwaonye watu wa Manyara, maana nimesikia mtu akisema bahari ya nini wakati tuna Ziwa Manyara, Eyasi na Balangida, yote ya chumvi. Ndugu yangu, hiyo si chumvi ya bahari. Maji ya Ziwa Manyara yamejaa magadi na pH yake inapita 9. Bahari iko kwenye 8.1 hivi. Heroe wanafurahia maji yale, samaki wa matumbawe hawayawezi. Chumvi ya dukani ya kupikia nayo haitoshi. Kwenye chumvi ya bahari, sehemu kama 85 kwa mia ndiyo chumvi tunayoijua, inayobaki ni salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine, na viumbe wa mchangani wanavihitaji. Inatakiwa chumvi maalumu ya akwariamu, gramu 35 hivi kwa lita moja ya maji. Tanki la lita 200 linakula kama kilo 7. Ndiyo, ni gharama, ndiyo maana kuua tanki si jambo dogo.

Mwingine atasema basi tuagize mchanga na mawe kutoka kisiwani bure. Angalia sana. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na hifadhi ya bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995. Huko huokoti kitu. Hata nje ya hifadhi, matumbawe usiyaguse. Mchanga wa dukani ni kilo chache tu na hauna kesi.

UNENE NDIO UNAOAMUA KILA KITU

Hili ndilo lililoniponza. Niliambiwa safisha, sikuuliza mchanga una sentimita ngapi. Usafi wa mchanga mwembamba na wa mchanga mnene ni vitu viwili tofauti kabisa, ukifanya wa huku kule unaharibu.

Chukua tanki la kawaida, urefu sentimita 120, upana 45, kimo 45. Ukiweka mchanga wa sentimita 3 unahitaji lita 16 hivi, hata debe halijai, kama kilo 24. Ukitaka sentimita 12 ni lita 65, zaidi ya madebe matatu, karibu kilo 100. Meza ya tanki lazima iwe imetengenezwa kwa uzito huo pamoja na maji. Usimwamini fundi seremala anayesema "itabeba tu".

Mchanga mwembamba, sentimita 2 hadi 4. Huu unasafishwa. Kila unapobadilisha maji (asilimia 10 hadi 20, kila wiki au wiki mbili) unachukua mpira wa kufyonzea wenye mdomo mpana, unauchomeka mchangani, uchafu unapanda na mchanga unarudi chini kwa uzito wake. Ila usifanye tanki zima siku moja. Ligawe mafungu manne kichwani mwako, wiki hii fungu la kushoto nyuma, safari ijayo la kulia nyuma, hivyo hivyo. Bakteria wa mafungu matatu wanabaki kazini. Ukilazimika kuuosha nje, tumia maji ya chumvi uliyoyatoa humohumo. Maji ya bomba yana klorini inayowaua hao wafanyakazi wako, na hata yasiyo na klorini yanawaua kwa kukosa chumvi.

Mchanga mnene, sentimita 10 na kuendelea. Huu HAUCHIMBWI. Wenzetu wa nje walibishana sana juu yake. Jean Jaubert wa Monaco ndiye aliyeupa umaarufu mfumo wa mchanga uliowekwa juu ya nafasi ya maji iliyoachwa chini, halafu Mmarekani Ronald Shimek akawa mpiga debe mkubwa wa mchanga mnene, laini, uliojaa minyoo na wadudu. Wapinzani wakasema baada ya miaka unajaa fosfeti na kuwa bomu. Mimi kwa ninavyoelewa wote wana hoja: unafanya kazi nzuri sana ya kuondoa nitreti, lakini unahitaji mtu mwenye subira na asiye na bosi wa kumwambia weusi uondoke. Punje ziwe ndogo, chini ya milimita 1. Fyonza uchafu wa juu tu, nusu sentimita, mengine waachie minyoo. Hao wanachimba vijitundu vinavyoingiza maji polepole, kazi ambayo mwiko wangu haukuweza kuifanya.

Wa katikati, sentimita 5 mpaka 9, mafundi wengi wanaukwepa. Ni mnene kiasi cha kuficha uchafu, lakini mara nyingi si mnene kiasi cha kufanya ile kazi ya chini vizuri. Na bahati mbaya ndio unaoukuta mahotelini, kwa sababu aliyeweka alimwaga magunia mpaka akaona pamependeza.

WAFANYAKAZI WA MCHANGANI

Bahari haina mtu mwenye mpira wa kufyonzea, ina viumbe. Jongoo bahari anameza mchanga, anakula uozo na bakteria waliomo, anautoa ukiwa safi. Yule aitwaye jongoo mchanga anajifukia kabisa sehemu ya siku na kutoka tena kula. Sisi Waswahili hatumli, lakini Wachina wanamlipia vizuri akikaushwa, na kwa sababu hiyo amevuliwa mno pwani yote ya Afrika Mashariki. Anapokwisha, mchanga wa chini ya bahari unakosa mtu wa kuugeuza. Kule Beit el Ras, Unguja, kuna kituo cha kutotolesha viumbe wa baharini kilichojengwa kwa msaada wa FAO na Korea, na jongoo ni mmoja wa wanaozalishwa pale ili wafugaji wapewe vifaranga badala ya kuokota wa porini. Naona ni jambo la maana kuliko watu wanavyolichukulia.

Je, umweke kwenye tanki? Kwa tanki dogo mimi nasema hapana. Anahitaji eneo kubwa la mchanga, akikosa chakula anasinyaa taratibu bila wewe kugundua, na akifa au akinyonywa na pampu anaweza kutoa sumu inayoua samaki wote. Kiti cha pweza anayechimba mchangani naye vivyo hivyo: anakula wadudu wote wazuri mpaka wanaisha, halafu anakufa njaa.

Wanaofaa ni konokono wadogo wanaojizika na kutoka mbio wakinusa chakula, na minyoo wanaokuja wenyewe na mawe. Kuna pia samaki wadogo wanaochota mchanga kwa mdomo na kuutolea kwenye matamvua, mchanga unabaki mweupe kila siku, raha kuangalia. Ila nao wanataka mchanga wenye chakula ndani.

Ukienda Nungwi, pale Mnarani, kuna bwawa la asili ambapo wanakijiji wanatunza kasa tangu mwaka 1993. Maji yake yanabadilishwa na bahari yenyewe, yanapanda na kushuka na bamvua kupitia kwenye mwamba. Nalitaja ili ujue unashindana na nini. Bahari inabadilisha maji mara mbili kwa siku bure, wewe una ndoo na mgongo.

MATATIZO YA KAWAIDA

Utelezi wa kahawia juu ya mchanga mpya: ni vijimwani vinavyokula silika. Kwenye tanki jipya vinakuja na kuondoka ndani ya wiki chache. Usihangaike navyo.

Utando mwekundu au wa zambarau kama kitambaa: chakula kimezidi na maji hayazunguki. Punguza kulisha, geuza pampu ipulize kule, fyonza utando utoke na maji. Wageni wanapenda kuwalisha samaki mkate. Wakatazeni kwa upole.

Mchanga umeshikana kama saruji: hutokea kwenye mchanga wa chokaa. Vunja kipande kidogo kidogo, wiki hadi wiki.

Tanki jipya: mchanga ukishawekwa, subiri. Bakteria wanahitaji wiki 4 hadi 6 hivi kabla amonia na nitraiti hazijafika sifuri. Vipimo vya matone vinauzwa, nunua. Anayetia samaki siku ya tatu anawaua.

Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji baridi yasiyo na chumvi, maana chumvi haijaondoka. Lakini siyo ya kisima chochote. Visima vingi vya Manyara na Arusha vina floraidi nyingi na madini mengine, meno yetu wenyewe ni ushahidi. Tumia maji yaliyochujwa kwa mashine.

Umeme ndio adui mkubwa huku. Mnaokumbuka mgao wa 2006, au ule wa mwishoni mwa 2023, mnanielewa. Pampu ikisimama, bakteria wa mchangani wanaendelea kupumua na wanakomba oksijeni ya samaki. Mchanga ukiwa mnene inakwisha haraka zaidi. Weka pampu ndogo ya hewa ya betri karibu, na usilishe mpaka umeme urudi. Kwa Mbulu kuna na baridi pia. Juni na Julai usiku huku ni balaa, na samaki wale wanataka nyuzi 24 hadi 26, hita ikizimika funika tanki kwa blanketi.

Na kama tayari umekoroga, harufu imetoka? Usisubiri asubuhi kama mimi. Acha kuugusa mchanga. Washa kila kitu kinachotia hewa. Hamishia samaki kwenye beseni la maji mapya ya chumvi yenye joto lilelile. Badilisha nusu ya maji ya tanki, weka mkaa wa kuchujia (ule wa akwariamu, siyo wa kuchomea mahindi).

KWA DOGO

Nimemwambia apime kwa rula upande wa kioo. Kasema sentimita 7, na mstari mweusi unaanzia kama sentimita 2 kutoka chini. Kwa hiyo ni ule wa katikati, na ni wa zamani.

Dogo, usiuchimbe. Kila wiki ukibadilisha maji, chukua mpira mwembamba, anza na kona moja ya nyuma, fyonza mchanga utoke moja kwa moja na maji kwenda kwenye ndoo, ili uchafu usipate nafasi ya kuelea. Eneo la sahani ya chai tu, basi. Pima amonia siku inayofuata, ikiwa sifuri wiki ijayo endelea na jirani yake. Itakuchukua miezi kadhaa kufika sentimita 3. Mchanga unaoutoa usiumwage kwenye bustani ya hoteli, una chumvi, maua yatakufa na utakuwa na kesi nyingine.

Bosi akiuliza kwa nini weusi bado upo, bandika karatasi nyeusi nje ya kioo, upana wa mstari ule. Wageni hawatauona, na wewe utapata muda wa kufanya kazi.